Ndege Mia na TV ya Chogo

Jumapili, 6 Julai 2025

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, hapa hapa Kihesa, Iringa. Ugali, kuku wa kienyeji, majani ya maboga. Nilikaa kiti cha karibu na mlango, mahali pa mkwe. Mambo yalikuwa shwari mpaka nilipoanza kusimulia.

Nilisimulia habari ya ndege mia. Kwa ajili ya watakaolisoma daftari hili nikishakufa, ni hivi: mwaka 1995, Mbalizi, mkoani Mbeya. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mzee Gulam, fundi na muuzaji wa TV, alikuwa na mashine ya gemu ya kaseti dukani kwake, pamoja na bunduki ya plastiki. Ndege wanaruka kutoka kwenye nyasi, unawapiga. Ukikosa mmoja, zamu yako imekwisha. Watoto wengi walikuwa wanaishia ndege kumi. Siku hiyo walipigwa ndege mia moja bila kukosa hata mmoja! Na kwa kuwa mashine ilikuwa na nafasi ya tarakimu mbili tu, namba ilitoka 99 ikaenda 00. Duka zima likasimama. Mashine imeishiwa namba!

Ni kwa habari hii nilimpata mke wangu Evarista. Alikuwa mwanachuo wa ualimu kule Mbeya, mimi natoa fotokopi nje ya geti. Wenzangu walimpelekea kadi za maua. Mimi nilimsimulia ndege mia. Aliweka chini makaratasi yake akanisikiliza mpaka mwisho.

Sasa shemeji Crispin, kaka yake. Mkaguzi wa hesabu. Mtu asiyeamini kwamba mvua imenyesha mpaka aone risiti. Aliweka mfupa chini akasema hakuna mashine duniani inayohesabu kwenda mbele ikafika sifuri. Akasema amenyamaza miaka kumi na tisa kwa heshima ya dada yake, na leo amechoka. Ananipa wiki mbili. Nipige mbele ya ukoo wote, nimwonyeshe hizo sifuri. Nikishindwa, nisimame nimwambie Evarista kwamba nilimpata kwa uongo.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Evarista alikuwa anatazama sahani yake. Mama Rozalia, mama mkwe wangu, aliuliza nani anaongezwa mchuzi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nimefunga steshenari yangu. Nimeitoa mashine chini ya kitanda. Nilishainunua mtumbani miaka mingi iliyopita, na kaseti yake ile ile, na bunduki, nikisubiri siku kama hii. Nimepuliza kaseti mara tatu, kama sheria inavyotaka.

TV yetu ni flati, inchi thelathini na mbili, nyembamba kama sinia. Waya wa mashine una vichwa vitatu, cha njano, cheupe na chekundu. TV haina hata tundu moja la kuvipokea! Nimekwenda mjini kununua kifaa cha kuunganishia. Picha ikaja. Ndege! Walewale! Rangi imepauka kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima, lakini ni wao.

Nikapiga. Hakuna kitu. Nikasogea, nikapiga tena. Hakuna. Nikagusisha mdomo wa bunduki kwenye kioo, kwenye kifua cha ndege. Akaruka zake juu taratibu, bila haraka yoyote. Evarista alikuwa anapita na beseni la nguo, akasema labda ndege hawa wameokoka.

Nimefungua bunduki. Ndani kuna kijicho kimoja cha kioo, kidogo kama cha mjusi. Nimefunga. Skrubu moja imebaki nje.

Jioni nimempata Mzee Gulam kwa simu. Yu hai! Aliniuliza swali moja tu, kama TV yangu ni flati. Nikasema ndiyo, kwa fahari. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema nipande gari niende.

Jumatano, 9 Julai

Naandika nikiwa nyumba ya wageni, Mbalizi. Nyumbani nimeaga kwamba nafuata karatasi za jumla.

Uyole kulikuwa na baridi ya kung'ata. Malori yamepanga foleni, viazi vimejaa mpaka barabarani. Nikafika Mbalizi mchana. Duka ni lile lile. Mzee Gulam ana miaka zaidi ya themanini, na miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani.

Alinipeleka chumba cha nyuma. Sina hakika kama nitaweza kuandika nilichokiona.

TV za chogo, zile za zamani zenye kisogo nyuma, kutoka sakafuni mpaka darini. Sitini, labda zaidi. Zote zimezimwa, vioo vyenye rangi ya kijani iliyokolea, kila kimoja kina mimi mdogo ndani yake nimesimama na begi. Nilivua kofia. Sijui kwa nini. Kisha mzee akabonyeza swichi moja ukutani, zikaanza kuwaka mstari kwa mstari. Zamani zilipowaka kulikuwa na kisauti chembamba, tulikuwa tunakisikia tangu barabarani. Leo sikukisikia. Mzee alisema kipo, ila masikio ya umri wangu hayakipati tena. Nilisogeza mkono kwenye kioo kimoja. Vinyweleo vyote vikasimama, mpaka kwenye kiwiko! Nikasogeza tena, kuhakikisha. Vikasimama tena.

Akanieleza. Chogo linachora picha kwa mshale mmoja wa mwanga, mstari mmoja mmoja, kutoka juu kwenda chini, mara hamsini kwa kila sekunde. Kile kijicho cha bunduki kinausubiri mshale huo upite. Unakupita wewe, haukipiti chenyewe. Flati haina mshale. Flati inapokea picha, inaikalisha, inaipamba, ndipo inaitoa nje kumsalimia mgeni. Unabonyeza, yenyewe bado inavaa. Akasema watu wanakuja kumuuliza inchi. Wasimuulize inchi, wamuulize inajibu upesi kiasi gani.

Mara hamsini kwa sekunde! Na sisi tulikuwa tunakaa mbele yake tunakula karanga.

Alinichagulia ya inchi kumi na nne. Picha hizi zilichorwa kwa ajili ya kioo kidogo, alisema, ukizitanua zinalegea. Nikamshukuru, nikachukua ya ishirini na tisa. Crispin ana flati ya sitini na tano sebuleni. Siwezi kumkabili na kumi na nne. Mzee alishusha pumzi. Akaniambia uzito wote wa chogo uko kwenye kioo, kwa hiyo nikibeba nikumbatie kioo tumboni, nyuma itazame nje. Nikatikisa kichwa kukubali. Natikisa kichwa vizuri sana.

Halafu nikamkumbusha ndege mia.

Mzee alitabasamu. Akasema anaikumbuka siku ile kama jana. Binti yake Nazia, alisema, mkono wake ulikuwa haukosi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanitazama kwa miwani zote mbili, akasema sasa ananijua, mimi ni yule kijana wa sweta ya kahawia aliyekuwa analipia zamu yake halafu anampa Nazia bunduki.

Nimekaa juu ya katoni ya TV. Nikaifungua ile kumbukumbu, ile ninayoitumia kila mwaka, nikaitazama upya. Bunduki naiona kwa ubavu. Siioni kutoka nyuma, kama anavyoiona mpigaji. Na mkono ulioishika una bangili tatu za kijani. Miaka thelathini sijawahi kujiuliza bangili zile zilitoka wapi!

Nilifikiri aibu ndiyo itakayokuja kwanza. Haikuja. Kilichokuja ni ndege wale mia, mmoja mmoja, wazuri kama mwanzo. Aibu ilifika baadaye, wakati wa kula.

Nazia siku hizi anafundisha hesabu hapa Mbeya. Evarista asijue kamwe.

Alhamisi, 10 Julai

Msiba.

Safari ilikwenda vizuri. TV ilikaa kiti cha peke yake, niliikatia tiketi. Abiria mmoja aliiamkia. Tumeshuka stendi Iringa salama. Pale kulikuwa na watu wengi ninaofahamiana nao, wateja wa steshenari, mwalimu mkuu Edmund, nusu ya kwaya yetu. Nikafikiri, nikikumbatia kioo tumboni watu wataona chogo tu, wataona mtu amebeba sanduku la kawaida. Nikaigeuza. Kioo mbele, watu waone.

Hatua sita. Nilizihesabu baadaye. Uzito ulinivuta mbele kama ng'ombe anayeona maji. Ilitangulia, nikafuata. Haikupasuka kwa kishindo. Ilitoa pumzi ndefu, fyuuu, kama mzee anayekaa kitini baada ya safari, kisha kimya. Mwalimu Edmund alivua kofia.

Evarista ameuliza karatasi za jumla ziko wapi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekaa steshenari nikiwaza ni nani Kihesa bado ana chogo. Hakuna. Watu wote wameshahamia flati.

Halafu nikakumbuka, nikasimama, nikaharibu fotokopi ya mteja.

Mama Rozalia! Kabati lake la mninga, milango miwili, kufuli dogo, kitambaa cha kufuma juu. Ndani yake, inchi kumi na nne! Marehemu baba mkwe aliinunua kwa fedha za pareto. Hufunguliwa kwa ibada, taarifa ya habari, na misiba ya kitaifa.

Mpango ni rahisi mpaka naona huruma. Nimechomoa flati yetu, nimeifunga karatasi ya zawadi, nimempelekea. Nimesema mama aone vizuri, macho yake tuyatunze. Alifurahi! Alisema kamwene, salamu ya Kihehe, mara mbili. Nikasema basi hili chogo nitamsaidia kulitoa, nitalitupa mwenyewe, asijisumbue.

Akasema kitu kilichowatumikia hakitupwi. Ameshajua atakipeleka wapi.

Nikasema nitakipeleka mimi popote anapotaka. Akasema kina wa kukipeleka. Nikamuuliza wapi. Akaniambia mkwe asiulize mno, ninywe chai.

Evarista amerudi jioni, amekuta ukutani misumari miwili na vumbi la umbo la TV. Nimemweleza habari ya macho ya mama. Aligusa msumari mmoja. Akasema nimekuwa mwema ghafla.

Jumapili, 13 Julai

Sikukuu ya mavuno. Kila familia imeleta sadaka ya mazao, na baada ya ibada ni mnada pale nje ya kanisa. Mzee wa kanisa Kalinga ndiye mshika kipaza sauti. Maboga yamekwenda. Debe la maharage limekwenda. Jogoo mwenye kamba mguuni alikwenda, akarudishwa, akauzwa tena. Mara vijana wawili wa kwaya wakatokea mlangoni wamebeba kitu kimefunikwa kitambaa cha kufuma.

Nililitambua kwa kitambaa.

Nikanyoosha mkono kabla Kalinga hajataja bei. Upande wa pili mkono mwingine ukanyooka. Crispin! Anajua, habari za stendi zimemfikia. Bila chogo hakuna sifuri. Nikapanda, akapanda. Nikapanda, akapanda huku anachokonoa meno. Bei ilifika mahali ambapo sitapaandika kwenye daftari ambalo Evarista anaweza kulifungua. Mwishowe mkewe Crispin alimvuta koti, akakaa. Limekuwa langu!

Sasa, kanisani kwetu, anayeshinda mnada wa kitu kizito haondoki nacho kimya kimya. Anaulizwa anambariki nani, yaani anamzawadia nani. Ukinunua kuku unaweza kwenda naye zako. Ukinunua TV, hapana. Kalinga akaniletea kipaza sauti mdomoni. Watu wakaanza kuimba, "Mchungaji! Mchungaji!" Nilitaka kusema najibariki mwenyewe. Naapa nilitaka. Lakini kina mama walipiga vigelegele, na makofi yalikuwa mengi, na jua lilikuwa linaniwaka usoni, na sijawahi kushangiliwa na watu mia tatu kwa mpigo. Kifua kilijaa. Nilijiona mtu mkubwa sana. Akilini nikabakiza wazo moja tu, kwamba lisiende kwa mchungaji, liende kwa mtu wa karibu ninayeweza kumtembelea.

Nikapaza sauti, nambariki mama mkwe wangu!

Papo hapo ngurumo! Kalinga akawakumbusha waumini, kwa kipaza sauti, kwamba Mama Rozalia ndiye aliyelitoa asubuhi hii hii. Kwaya ikaanzisha pambio.

Mama akaja mbele polepole, akasimama hatua tatu kutoka nilipo, kama adabu ya ukwe inavyotaka, akapiga makofi mawili ya heshima. Akasema alimpa Mungu na Mungu amemrudishia kwa mkono wa mkwe wake, kwa hiyo sasa halitoki tena kwenye kabati mpaka atoke yeye kwanza.

Kwa hesabu za leo, mama mkwe ana TV mbili. Mimi sina hata moja.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kuomba. Nimeeleza yote, isipokuwa habari ya Nazia. Mama alisikiliza huku anachambua maharage. Amekubali shindano lifanyike kwake, kwa masharti. Jumapili, baada ya ibada, si kabla. Tutanawa mikono. Tutaanza kwa sala. Kitambaa hakiguswi. Na mkwe hatasogea karibu na kabati, atapigia pale pale mlangoni.

Nikasema mlangoni ni mbali, mama, hatua tano, na kioo ni inchi kumi na nne tu! Akasema basi nipige taratibu.

Mazoezi amekataa. Kabati halifunguliwi kwa mazoezi.

Jumapili, 20 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Tulinawa. Tulisali, Mama aliwaombea hata ndege. Kisha akafungua kufuli. Nikaunganisha waya tatu kwenye matundu matatu, njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu, kila kichwa kikaingia kama kimerudi nyumbani. Nikapuliza kaseti. Nikawasha.

Jamani. Rangi! Ile bluu ya mbingu! Weusi ulikuwa weusi kabisa, kama ndani ya mtungi. Mistari midogo midogo imepita kwenye picha nzima kama uzi kwenye shuka la pamba, na nyasi zilionekana zimelowa umande. Ukoo mzima ulisogea karibu. Hata Crispin alisogeza kiti. Sikuwa nimeziona rangi zile tangu nikiwa na sweta ya kahawia.

Crispin alianza. Aliishia ndege tisa, akaomba iandikwe kwamba jua lilimpiga machoni.

Nikashika bunduki. Mlangoni, mgongo umeegemea fremu. Nilipiga wa kwanza. Akaanguka! Wa pili, wa tatu. Kumi. Ishirini. Sikujua ninayo mikono hii! Thelathini. Thelathini na moja. Wa thelathini na mbili akatoka kushoto, nikamfuata, akageuka, sikugeuka.

Akaruka zake.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Crispin alisema kwa upole kwamba ahadi ni ahadi. Nikasimama. Evarista alikuwa amekaa mkekani miguu ameikunja, ananitazama usoni, na nilijua kwamba sasa hivi nitakuwa mume mwingine machoni pake, na kwamba yule wa zamani hatarudi. Niliogopa. Sijaogopa hivyo tangu siku ya kupeleka posa. Nikafungua mdomo, nikasema "Evarista," na sauti ikaishia hapo.

Mama Rozalia akasema tusubiri kidogo. Anataka kukishika hicho kitu.

Alikigeuza geuza. Aliuliza jiwe linakaa wapi. Nikamwambia hakuna jiwe, mama, ni mwanga. Akasema alipokuwa binti, huko Kilolo, alikuwa anaamia ndege wasile ulezi shambani, alfajiri mpaka jioni, juu ya kilingo cha miti, na kombeo. Akasema ndege hukuonyesha anakokwenda kabla hajaenda. Unatazama bega lake tu.

Akapiga.

Crispin alihesabu kwa sauti, kazi yake hiyo. Kumi, kumi na tano. Mama hakukaza uso. Hakunyoosha hata mkono wote, kiwiko kimekaa ubavuni kama anapepeta mchele. Thelathini. Thelathini na mbili, yule yule wangu wa kushoto! Alimngoja ageuke, akamchukua. Kufika hamsini Crispin alikuwa anahesabu kwa kunong'ona. Kufika sabini alisimama. Mimi nilikuta nimeshika kofia kifuani. Sikupepesa macho. Kati ya ndege mmoja na mwingine yule mama alikuwa anapumua tu, kwa utulivu, na chumba kizima kilipumua naye. Tisini. Tisini na tano. Machozi yalinitoka, sitaki kuficha. Tisini na tisa.

00.

Mama alishusha bunduki akauliza kama ameiharibu.

Mara mbili maishani nimeziona sifuri zile. Na niseme ukweli hapa, ambapo hakuna anayesoma: kwa dakika zile sikutaka kuwa mimi ninayepiga. Nilitaka kutazama tu.

Kisha Crispin akaja na mkono mbele. Akasema sifuri zipo. Akasema mtu asiyekuwepo siku ile Mbalizi asingeweza kuzijua, kwa hiyo amenikosea, shemeji, nimsamehe. Wote wakanigeukia. Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Nilikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi, jina la Nazia na bangili zake. Lakini mtu mmoja akapiga makofi, na wa pili akafuata.

Nikapokea pongezi kwa mikono miwili. Nikaongeza kwamba tangu Jumatano nimekuwa nikimpa mama maelekezo mawili matatu ya shabaha.

Mama alinitazama. Akaenda kuangalia chungu.

Jumatatu, 21 Julai

Evarista alikuwa anamenya viazi uani. Nikakaa karibu, nikaanza kuelezea maelekezo ya shabaha. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba Nazia binti Gulam alikuwa mwenzake darasani chuoni.

Kisu kikaendelea kumenya.

Alisema Nazia alimsimulia yote hata kabla sijaleta posa. Kijana wa sweta ya kahawia, anayelipia zamu yake kwa hela ya daftari, kisha anatoa bunduki na kukaa chini. Nazia alimwambia wavulana wengine walikuwa wanampigia kelele akosee, waupate mchezo. Huyu mmoja alikuwa hapumui mpaka ndege aanguke.

Nikamuuliza kwa nini basi alinikubali, kama alijua naongopa.

Akasema siku ile nje ya geti la chuo alinisikiliza mpaka mwisho, na kila nilipofika kwa ndege nilisahau kujisifu. Macho yangu yalikuwa ya mtu anayemtazama mwingine. Alifikiri, mtu anayeweza kumshangaa mwenzake hivi kwa miaka yote hii, anaweza kumshangaa na yeye Evarista. Akatupa kiazi kwenye sufuria.

Nikachukua kisu. Mimi! Nilimsaidia kumenya. Viazi vinne, vyote vibaya. Nilimtazama mikono yake, jinsi ganda linavyotoka refu bila kukatika, kiazi baada ya kiazi, na sijui nilikuwa natazama nini miaka kumi na tisa.

Nimeapa. Kuanzia leo kweli tupu.

Jumanne, 22 Julai

Mwalimu mkuu Edmund amekuja kutoa nakala za mtihani. Amesikia habari za Mama Rozalia, Kihesa nzima imesikia. Akauliza ni kweli alipiga ndege mia. Nikasema mia ni kwa kuwa chakula kilikuwa tayari, angeachwa angefika mia mbili. Akauliza nani alimfundisha. Kulikuwa na wateja wengine wawili wanasikiliza. Nikasema ni mimi, na kwamba mwenyewe enzi zangu nilishafika mia mbili, mashine ikarudi sifuri mara mbili.

Mwalimu alishika kidevu. Nikaona anaanza kusita.

Evarista alikuwa nyuma anapanga rimu, ametoka kwenye vipindi vyake. Sikujua kwamba yupo. Alichungulia juu ya mashine ya fotokopi, akamwamkia mwalimu kwa heshima zote, akasema ilikuwa mia mbili na kumi, yeye aliambiwa na aliyekuwepo. Kisha akarudi kwenye rimu zake.

Nimeshangaa mno. Nimemwangalia mchana kutwa. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na sikujua kabisa kwamba nimeoa mwongo!